Duka Tupu la Mama Yangu

Kila niliposhuka Bwera, mji wetu ulio mpakani na Kongo, kabla hata sijakung'uta vumbi, mtu alikuwa ameshaniuliza: hilo duka mtalifanya nini? Aliuliza fundi baiskeli, aliuliza muuza nyama, aliuliza mama mmoja wa kanisani huku amenishika mkono nisimtoroke. Siku nyingine niliulizwa na mtu nisiyemjua kabisa, aliyekuwa anapita na jembe lake kwenda zake Nyakiyumbu. Duka letu lilikuwa katikati ya barabara kuu, upande mmoja duka la dawa na upande wa pili duka la simu, na kwa kuwa lilikuwa limefungwa wakati mengine yote yako wazi, lilionekana kama pengo la jino la mbele. Watu wa Bwera hawawezi kuona pengo wakalinyamazia.

Kila aliyeuliza alikuwa na jibu lake tayari. Weka video, vijana waje kutazama mpira. Wapangishe walokole waabudu humo. Lifanye stoo ya kahawa, subiri msimu wa mavuno milima ya Karambi uone. Mmoja alinishauri nifungue baa, kisha akanihakikishia kwamba yeye mwenyewe hatatia mguu humo kwa sababu ameokoka. Niliwasikiliza wote, nikaitikia, na njiani kurudi Kasese nikawa nalipanga duka upya kichwani. Tukipita Kikorongo lilikuwa duka la vifaa vya shule. Tukiingia mjini lilikuwa saluni. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeshachoshwa na yote mawili, tena nimekasirika, bila kujua namkasirikia nani.

Mimi ni kiguu na njia, sijifichi. Miaka ile nilikuwa nikisambaza chakula: mayai na nyanya kwa hoteli za Kasese, unga na maharage kwa watu wa Nyakalengija wanaopandisha wageni mlimani. Chai nilikunywa nimesimama. Mume wangu alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha saruji Hima, akirudi ni kula na kulala, na alipenda kusema kwamba viti vya nyumba yetu havitachakaa kamwe kwa sababu mwenye nyumba havijui. Watoto walikuwa shule za bweni. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na nilidhani tunaishi vizuri.

Duka lilijengwa na baba. Alitoka magharibi mwa Kenya akiwa kijana kuja kuchimba shaba Kilembe, na huko mgodini, ambako kila mtu alikuja na lugha yake, walisikilizana kwa Kiswahili. Ndiyo maana sisi watoto tulilelewa kwa Kiswahili, hiki chetu, ambacho mtu wa pwani akikisikia hushika kichwa. Shaba iliposimama, wengine walirudi kwao na wengine wakaenda kwenye saruji. Baba alinunua kiwanja Bwera kwa hesabu kwamba mahali watu wanapovuka mpaka, kila siku kutakuwa na mtu aliyesahau kitu nyumbani. Alijenga duka mbele na makazi nyuma, lakini duka lenyewe lilikuwa la mama tangu siku ya kwanza. Baba akiingia humo alikuwa mteja kama wateja wengine, na alipanga foleni.

Mama alikaa katika duka lile tangu nikiwa na meno ya utoto mpaka nikaanza kuota mvi. Aliuza chumvi, sabuni, mafuta ya taa, viberiti, madaftari, misumari. Aliwauzia Wakonzo walioshuka milimani na Wakongo waliovuka daraja kutoka upande wa Beni na Butembo. Nilipokuwa msichana alijaribu kunifundisha, lakini kila nilipokaa kidogo nilitoka nje kuona nini kinapita barabarani. Mwishowe alinifukuza. "Hii duka haitaki akili," aliniambia mbele za watu. "Inataka makalio. Na wewe hauna." Wateja walicheka, na wengine walinitazama nyuma kuhakikisha.

Baba alipofariki, mama aliendelea peke yake, akiuza mbele na kulala nyuma. Kisha nyonga ikaanza kumsumbua. Alitembea kwa kushika ukuta, halafu kwa fimbo, halafu kwa fimbo na ukuta pamoja. Nikaenda na pikapu ya mizigo yangu nikamchukua. Bidhaa zilizobaki tuliziuza kwa bei ya kutupa, tukafunga, mama akafunga ufunguo kwenye pembe ya kitenge chake, tukaondoka. Nilijiona mtoto mwema kweli kweli. Nyumba yangu ya Kasese ilikuwa na bomba la maji ndani, choo ndani, ukuta na geti. Watu walinipongeza kwa kumtunza mzazi, na mimi nilipenda kupongezwa.

Mama alishukuru. Alishukuru kila siku, na hilo lilinitia wasiwasi, kwa sababu mama si mtu wa kushukuru. Halafu kiti chake kilianza kutembea. Asubuhi nilikiacha dirishani, jioni nikakikuta mlangoni. Baada ya wiki kilifika kibarazani, baada ya mwezi kilikuwa kimeegemea geti. Alikaa pale akisikiliza magari, na nilipoingia hakuuliza habari yangu. Aliuliza kama nimepita dukani, bati halijavuja, na nani leo alikuwa amekaa barazani. Wasichana wa kazi niliomletea aligombana nao mmoja baada ya mwingine, kwamba hawajui kuosha sufuria, mpaka nikakoma kuwatafuta.

Jambo lenyewe lilikuwa hili, na hakulificha: mama alitaka kurudi kwenye chumba chake nyuma ya duka. Barabara nzima ilifikiri swali ni biashara gani itaingia mle. Kwetu sisi swali lilikuwa mama atalala wapi. Maadamu duka liko tupu, chumba cha nyuma kilikuwa kinamngoja, na yeye alikuwa anakingoja. Mimi sikutaka kusikia. Niliogopa nyonga yake, nikaogopa na midomo ya watu, kwamba nimemchoka mama nimemtupa mpakani. Kila alipoanzisha maneno hayo nilikuwa na jibu moja la kumfunga kinywa: ukianguka huko peke yako, nani atakuokota? Nikahesabu kwamba nimeshinda, na kesho yake nikatoka kwenda kumtafutia mpangaji.

Niliwaleta wengi. Mwenye dawa za mifugo mama alimkataa kwa sababu ana haraka mno, mtu wa haraka haweki duka, anaweka mguu mmoja. Walokole aliwakataa kwa sababu ngoma zao zingelegeza misumari ya bati. Kijana wa video alimkataa kabla sijamaliza sentensi. Nilipandwa na hasira, nikamwambia kwamba basi amtafute mwenyewe. Alinitazama kwa upole ule wa kuudhi na akasema anamtafuta.

Aliyebaki ni mwanamke wa barazani. Alikuwa Mkongo, mshonaji, aliyevuka na watoto wake wawili wakati upande wa Beni ulipochafuka, akiwa na kichwa cha cherehani mgongoni mahali ambapo wengine hubeba mtoto. Meza ya kanyagio aliipata Bwera. Siku ile tulipolifunga duka alitukuta, akaomba akae barazani, na mama akamkubalia papo hapo. Kwetu si ajabu; kila duka Bwera lina mshonaji wake nje, na yeye hulipa kwa kufagia na kuangalia kufuli. Huyu alifagia mpaka mbele ya duka la simu. Rozari yake aliitundika kwenye msumari wa dirisha letu.

Kila nilipopita aliniomba jambo lile lile. "Mama, mvua iko inanyesha juu ya mashini," aliniambia. "Manguo ya batu inaloana. Munipatie kule ndani, hata kona moja." Mimi ningempa siku ile ile, nyumba nzima, mbele na nyuma, yeye na watoto wake, na habari ya mama kurudi ikaishia hapo. Lakini mama nilipomfikishia hakusema ndiyo wala hapana. Alisema ngoja. Nikamwuliza tunangoja nini, akaniambia nikae chini kwanza. Sikukaa.

Basi kaka yangu, anayeishi Kisumu, akapiga simu na habari ya mnunuzi. Mfanyabiashara wa mabati na misumari, duka lake mtaa huo huo, alitaka kiwanja chetu abomoe ajenge ghorofa. Kaka aliona ni jibu lililotoka mbinguni. Mimi nilikuwa naona hivyo kuanzia saa za asubuhi mpaka mchana, na kuanzia mchana naona kinyume chake. Nilimwambia mama nikiwa nimesimama mlangoni, mkoba begani, tayari kukimbia. Alisikiliza hadi mwisho. Alisema huyo bwana anaweza kuja kuona ndani, lakini mlango ataufungua yeye mwenyewe kwa mkono wake, na siku itakuwa Ijumaa.

Ijumaa ni siku ya soko la mpakani. Nilimsihi tuchague siku iliyopoa, tuingie na kutoka bila kuonwa na nusu ya wilaya. Alikataa. Siku ilipofika alivaa gauni la kanisani, akajipaka mafuta, akakaa kiti cha mbele katika gari nililokodi. Tulipofika Kinyamaseke aliteremsha kioo na kuanza kusalimia watu, wengine aliowajua na wengine ambao sidhani. "Wabukiri," aliita, na watu waliitikia, na dereva akalazimika kupunguza mwendo kama tuko kwenye harusi.

Mshonaji alikuja mbio akamshika mikono yote miwili. "Mama muzee, umefika. Minafurahi sana." Kufuli ilikuwa imeshika kutu, akaitia mafuta ya cherehani mpaka ikaachia. Ndani kulikuwa na harufu ya panya na karatasi iliyooza. Rafu zilikuwa tupu zote, magazeti tuliyozitandikia yamegeuka rangi ya chai. Kaunta ilikuwa pale pale, na nyuma yake kiti cha mama cha mbao, kimeliwa pembe moja. Mama alikipangusa kwa kiganja akakaa. Mimi harufu ilinishinda, nikasukuma mlango nikafungua pande zote mbili ili hewa iingie.

Hapo ndipo nilipoharibu, au nilipotengeneza. Barabara ile yote inajua lugha ya milango. Upande mmoja ukiwa wazi, maana yake wenyewe wapo lakini hawauzi: wanafagia, au wana msiba, au wanapokea mzigo. Pande zote mbili zikiwa wazi, duka linauza. Nililijua hilo kabla ya kujua kusoma. Mama aliniona nikifungua upande wa pili na hakunizuia, na mpaka leo hajakubali kuniambia kama alisahau au alinyamaza makusudi.

Haukupita muda akaingia bibi mmoja kutoka milima ya Karambi, kikapu mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Hakuangalia rafu. Aliweka fimbo yake kando, akamsalimia mama kwa kirefu, akauliza alikuwa amepotelea wapi, kisha akasema anataka chumvi. Nikafungua mdomo kumweleza kwamba duka ni tupu, tumekuja tu kulionyesha. Mama akanikatiza. "Ngoja kidogo, mama," akamwambia yule bibi. "Chumvi inaletwa." Kisha akanigeuzia macho.

Niliyajua yale macho. Kwa mama, mteja wa kwanza ndiye anayeifungua siku, na huyo hatoki mikono mitupu hata dunia ipinduke. Utoto wangu wote niliona akimuuzia wa kwanza kwa hasara kuliko kumwacha aende. Basi nikatoka, nikaingia duka la tatu kutoka kwetu, nikanunua chumvi, nikarudi nikaiweka kaunta. Mama akaiuza kwa bei ile ile niliyonunulia. Bibi akaitia kikapuni, akasema wasingya, ndiyo asante ya kwao, akaenda zake kueneza habari.

Nilidhani yameisha. Akaja mwanamume akataka sabuni. Nikamnong'oneza mama kwamba wa kwanza ameshaondoka, huyu wa pili hana haki hiyo. Mama aliniuliza, kwa sauti ya kawaida na mtu mwenyewe anasikia, kama nataka mji useme kwamba kwake kuna chumvi lakini hakuna sabuni. Nikaenda kuchukua sabuni. Nikiwa narudi nayo, walikuwa wameingia wanawake wanne wa Kongo na mizigo yao vichwani, na mmoja anauliza, "Mama, iko alimeti?" Alimeti ni viberiti. Nikageuka mlangoni bila kuingia.

Asubuhi ile nilipanda na kushuka barabara ya Bwera mpaka viatu vya kanisani vikanishinda, mshonaji akaniazima ndala zake. Nilinunua mafuta ya kula, nyembe, sindano, betri, majani ya chai. Wenye maduka walinitazama kwanza kwa mshangao, kisha kwa huruma, na yule wa simu akaniuliza kwa upole kama nyumbani tuko salama. Akaja askari kutoka kizuizi cha mpakani, akasimama mlangoni, akaita, "Wewe mama, leta sigara." Mama, ambaye hajawahi kuuza sigara tangu aokoke, akamjibu, "Afande, kaa hapo kwa kivuli," na akanituma. Ilifika mahali mtu akataka misumari ya bati, na misumari mizuri ilikuwa kwa yule yule mfanyabiashara aliyetaka kutubomolea. Nikaenda nikainunua kwake. Hakunitambua, kwa jasho.

Nilikuwa nimekasirika hivi kwamba nilikuwa nazungumza peke yangu njiani. Nataka niseme ukweli wote: nilikuwa pia na furaha. Ilikuwa ndiyo kazi pekee ya duka niliyowahi kuifanya bila kuchoka kwa moyo, kwa sababu yote ilikuwa nje. Na kila nilipoingia nilimwona mama. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa nene. Alimwuliza huyu kuhusu jicho la mume wake, akamwuliza yule kama binti alijifungua salama, akamgombeza wa tatu kwa kukonda. Wakongo aliwajibu kwa Kiswahili chao, Wakonzo kwa Kikonzo chake kibovu wanachokipenda. Kule Kasese, nikiwa nyumbani, kila baada ya nusu saa aliniomba mto wa kuweka chini ya nyonga. Siku hiyo hakuniomba chochote cha kwake, wala mto, wala maji.

Mchana mfanyabiashara akafika na fundi mwenye tepu. Aliingia akitabasamu, akakuta watu wamejaa, akasimama. Mama akamkaribisha na kumwuliza ampatie nini. Yeye akacheka, akasema amekuja kwa habari ya nyumba, kaka yangu si alimweleza? Mama akamwambia leo tunauza, aje siku nyingine. Bwana yule akazitazama rafu, moja baada ya nyingine, zote tupu kabisa, akamtazama mama, akanitazama mimi nimesimama na pakiti ya mishumaa mkononi. Fundi wake akaanza kupima upana wa mlango, mteja mmoja akamwomba asogee. Wakaondoka. Haikupita muda kaka akapiga simu, na aliyonieleza sitayaandika, ila lililomuuma zaidi ni kusikia kwamba duka lake la urithi limefunguliwa halina kitu.

Jioni soko lilianza kumwagika. Wakongo walikuwa wanaharakisha kurudi darajani kabla mpaka haujafungwa, vichwani vitunguu vimegeuka kuwa sabuni na magodoro. Wateja walipungua. Dereva niliyemkodi alileta gari mbele ya duka, akapiga honi kidogo. Mama alikuwa bado kwenye kiti chake, mikono juu ya kaunta.

"Mama, gari imefika," nilimwambia.

"Naiona."

Hakunyanyuka. Alinieleza, taratibu, kama mtu aliyeyafikiri kwa muda mrefu, jinsi itakavyokuwa. Mshonaji ataingiza cherehani ndani, upande wa kushoto penye mwanga, na mvua itaacha kumwagikia nguo za watu. Yeye na watoto wake watalala na mama chumba cha nyuma. Rafu zitajazwa polepole, kuanzia na chumvi, na mimi, kwa kuwa siwezi kukaa na ninajua kununua, nitakuwa wa kuleta. Mshonaji alikuwa anakunja vitambaa barazani, na kwa namna alivyokwepa macho yangu nikajua kwamba wameshazungumza. Niliona wivu. Mwanamke aliyekuja na kichwa cha cherehani mgongoni alikuwa amepewa kukaa na mama, jambo ambalo mimi niliendesha gari mchana kutwa nikilikimbia.

Kwa hiyo nikakaa. Nilikaa kwenye kizingiti, kwa sababu miguu ilikataa, na nikatoa lile jibu langu ambalo halijawahi kunitupa. Nilimwambia kwamba yote ni mazuri, lakini siku mshonaji ameenda sokoni na watoto wako shule, akianguka humu, nani atamwokota?

Mama alingoja mpaka mshonaji akaingia nyuma na vitambaa vyake. Kisha akanena chini chini, asinitie aibu mbele ya mgeni.

"Kwako nilishaanguka."

Nikamwuliza lini.

"Wakati ya mahindi. Na tena kabla ya Krismasi, kule jikoni. Niliita. Ile ukuta yako ni murefu, nani atasikia? Nikalala hapo kwa simiti mpaka nguvu ikarudi. Nikaamka, nikapika. Ukakuja, ukakula, ukatoka."

Nikaikumbuka ile jioni ya kabla ya Krismasi. Mkono wake ulikuwa umevimba kuanzia kiwiko, na aliponiambia umebanwa na mlango nilimwambia awe mwangalifu na milango, nikachukua funguo za pikapu. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungeacha kazi yako ukae na mimi," alisema mama. "Na wewe, kukaa kungekumaliza. Mimi nakujua. Lakini hapa, mutoto yangu, nikianguka, barabara yote itasikia."

Nililia pale kizingitini, na watu wa soko wakanipita wakidhani tuna msiba. Muuza dawa alitoka nje kuangalia. Yule wa simu naye akatoka. Mama akawaambia hakuna neno, ni uchovu tu, wakasimama hata hivyo, mpaka waliporidhika. Nikafuta uso kwa kiganja, nikaenda kumwambia dereva azime gari. Kisha nikarudi ndani kumwuliza mama anataka godoro la upana gani, kabla maduka hayajafungwa.